Darubini ya bunduki: usidanganyike na namba kubwa

Juzi mzee mmoja wa Mkalama, mwenye bunduki ya .22 na leseni yake, aliniuliza anunue darubini ipi. Kanga wanafukua mbegu za alizeti, sungura wanamaliza kunde. Alitaka ile inayokuza kuliko zote. Nikamwambia, mzee wangu, subiri kwanza.

Darubini huandikwa namba, mfano 4x32. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa mnyama mdogo aliye mita 30 hadi 70, 4 inatosha kabisa. Ukikuza sana unaona eneo dogo, mkono ukitikisika kidogo tu picha inaruka, na jioni kioo kinawahi kuwa giza. Uliza pia imepangwa kwa umbali gani. Za .22 huwa mita 50 hivi. Za bunduki kubwa hukaribia 100, na kwa karibu zinaweza kukukosesha shabaha.

Ila darubini haikuoneshi aliye nyuma ya mtama. Risasi ya .22 huenda zaidi ya kilomita moja, na watoto wetu wanaamia ndege humo humo. Kama hujui risasi itaishia wapi, usifyatue.

Mwisho, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kuwinda. Leseni ya bunduki sio kibali. Muone afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujaenda dukani.