Mawe ya Gakara na Bati la Magnesi



Mwenzetu mmoja wa Muyinga aliuliza mkutanoni: yale mawe ya Gakara, kwenye vilima vya kusini ya Bujumbura, waliokuwa wakiyanunua ng'ambo huyafanyia nini? Kazi yake kubwa ni sumaku zenye nguvu, na hiyo wengi wameisikia. Iko kazi nyingine isiyosemwa sana, nayo inagusa jambo ambalo wahunzi wetu wanalijua kwa mikono.

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mahali pale pale. Mwanzoni ni laini, kisha kinakaza, mwisho kinakatika. Sababu ni hii: madini, hata yakionekana laini kama kioo, ndani yamejengwa kwa punje ndogo sana zilizoshikamana, ambazo mara nyingi hazionekani bila hadubini. Ukiyapiga au kuyakunja, punje hupotoka na kusongamana hadi zikose nafasi ya kuteleza. Ndiyo maana mhunzi wa bangili za shaba, akiona shaba imekaza chini ya nyundo, huirudisha motoni. Haiyeyuki. Ndani yake huota punje mpya, ndogo na zilizonyooka, zikachukua mahali pa zile zilizopotoka, na shaba inalegea. Lakini akisahau motoni, punje kubwa humeza ndogo na kitu kinadhoofika. Kwa hiyo joto hupimwa, na muda hupimwa vilevile.

Sasa magnesi. Ni nyepesi kuliko alumini, na uzito wake haufiki hata robo ya chuma, kwa hiyo watengenezaji wa magari na ndege wanaitamani. Ila ni kaidi. Ikibanwa ikiwa baridi kati ya magurudumu mazito ya kiwandani ili iwe bati, hupasuka kingo, kwa kuwa punje zake huteleza vizuri upande mmoja tu, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Basi huibana ikiwa na moto wa nyuzi 300 hadi 400 hivi. Aloi yake inayotumika sana, yenye alumini sehemu 3 na zinki sehemu 1 katika 100, hurudishwa tanuruni baada ya kubanwa, kwa nyuzi kama 345.

(Hapa niseme neno kwa wenzetu wanaoyeyusha vyuma chakavu. Injini za Volkswagen za zamani, zile za kobe, zina magnesi ndani yake. Vumbi lake na vipande vyembamba hushika moto upesi. Usimwagie maji kamwe, maana maji huuchochea moto huo. Tumia mchanga mkavu kabisa.)

Turudi tanuruni. Punje mpya zimeota, bati limelegea, lakini ugonjwa mmoja haujapona: punje hizo mpya nazo zimelala karibu zote upande ule ule wa zile za zamani. Sahani bado ni zile zile zilizopangwa, na bati likipoa linakataa kukunjwa sana.

Hapo ndipo madini adimu yanapoingia. Ukitia seri au neodimi kidogo katika aloi, hata chini ya sehemu 1 katika 100, punje zinazoota motoni hutawanyika, hii ikaelekea huku na ile kule, na bati linakubali kukunjwa vizuri zaidi. Mawe ya Gakara yana seri na neodimi zote mbili.

Kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza kuyatoa mwaka 2017. Mawe yalisafishwa uchafu tu hapa kwetu. Kutenganisha seri na neodimi, kuchanganya aloi na kupima moto kulifanyika nchi za wengine, na huko ndiko bei ilikopandia. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha kazi Gakara, ikilalamika kwamba mkataba na bei havikuipa nchi haki yake.