Kura Tatu za Charles Rubia: Jinsi Kiti cha Starehe Kilivyopotea Mchana Kweupe

Tukizungumzia historia ya mbunge, mara nyingi tunauliza alishinda mara ngapi, alikuwa chama gani, na nani alimwangusha. Ni nadra kuuliza kura zenyewe zilipigwaje na nani alizihesabu. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua chaguzi, swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, na hakuna mwanasiasa wa Nairobi anayelionyesha vizuri kama Charles Wanyoike Rubia.

Siasa za Rubia ziliamuliwa na kura za aina tatu. Kwanza madiwani walimkalisha kwenye kiti cha meya, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jiji la Nairobi, kuanzia 1962 hadi 1967. Kisha wapiga kura wa Starehe wakampeleka bungeni mwaka 1969, wakamrudisha 1974, 1979 na 1983, zote kwa kura ya siri. Halafu ikaja 1988. Watu waliambiwa wapange mstari uwanjani, kila mmoja nyuma ya mgombea wake, na kiti alichokuwa nacho kwa miaka 19 kikachukuliwa na Kiruhi Kimondo. Rubia hakuingia bungeni tena. Alifariki Desemba 23, 2019, akiwa na umri wa miaka 96.

Starehe ndilo eneobunge lenye katikati ya jiji. Leo lina wadi sita: Nairobi Central, Ngara, Pangani, Ziwani/Kariokor, Landimawe na Nairobi South. Mpiga kura wake wa kawaida hana shamba hapo wala ukoo wa kumwelekeza. Ni mwenye duka, karani, fundi, mama wa sokoni, mpangaji wa chumba. Kiongozi anayechaguliwa mara nne mfululizo na watu wa aina hii amepimwa, na Rubia alipimwa wakati karatasi ya kura ilikuwa ikiingia sandukuni bila jirani kujua ilikuwa na alama gani.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Chama cha KPU kilipopigwa marufuku Oktoba 1969, Kenya ilibaki na KANU pekee. Mchujo wa chama ukawa ndio uchaguzi wenyewe: ukishinda mchujo, umekwenda bungeni. Ungedhani basi kwamba kura haikuwa na maana. La hasha. Wananchi hawakuweza kubadilisha chama, lakini mbunge waliweza kumbadilisha, na walifanya hivyo bila huruma. Katika kila uchaguzi wa miaka ile wabunge wengi walirudi nyumbani, wakiwemo mawaziri.

Mfano mkubwa uko upande wa magharibi wa jiji, Dagoretti. Mbunge wake alikuwa Dkt. Njoroge Mungai, Waziri wa Mambo ya Nje, binamu wa Rais Jomo Kenyatta na daktari wake. Kama kulikuwa na mtu aliyekuwa na kila kinga ya dola, ni huyo. Oktoba 1974 watu wa Dagoretti waliingia vyumbani mwa kupigia kura mmoja mmoja, na matokeo yalipotangazwa, mshindi alikuwa Dkt. Johnstone Muthiora. Waziri alianguka. Hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole mwenye duka wa Kawangware na kumwambia, wewe ndiye uliyemwangusha jamaa wa Rais. Siri ya kura ilikuwa imemfunika.

Siri hiyo ndiyo iliyofutwa mwaka 1986, KANU ilipoamua kwamba mchujo wake utafanywa kwa mlolongo, yaani kwa kupanga mstari.

Waliotetea mlolongo walisema ni rahisi, hauna gharama, na hauwezi kuibwa kwa kuwa kila mtu anauona. Hoja hiyo iliwaingia wengi, na hata leo nakutana na watu wanaoirudia, hasa kila tunapogombana juu ya mitambo ya tume ya uchaguzi, IEBC. Kwa hiyo inafaa tuutazame mlolongo kwa karibu, jinsi ulivyofanya kazi uwanjani.

Asubuhi ya mchujo, wanachama wa KANU walikusanyika mahali palipotengwa, mara nyingi uwanja wa shule. Kila mgombea au wakala wake alisimama mbele akiwa na picha. Mwanachama alichagua picha, akajipanga nyuma yake. Maafisa wakapita wakihesabu vichwa, wakaandika nambari, watu wakatawanyika. Hesabu ya kituo ikapelekwa kwa msimamizi, naye akatangaza.

Sasa fikiria umeshindwa na unaamini umedhulumiwa. Utarudia kuhesabu nini? Mstari umeshavunjika, kila mtu amekwenda zake kazini. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna lakiri ya kukaguliwa. Kilichobaki ni nambari moja iliyoandikwa na afisa mmoja, dhidi ya maneno ya maelfu ya watu waliokuwa pale na kuona kwa macho yao. Katika maeneo mengi mwaka 1988 watu walisema wazi kwamba mstari mfupi ulitangazwa mrefu. Wafuasi wa Rubia ni miongoni mwao. Hawakuwa na kitu cha kuweka mezani kuthibitisha, na huo ndio ubaya wa mlolongo: kila mtu anauona ukweli, na hakuna anayeweza kuushika.

Ubaya wa pili ni kanuni ya asilimia 70. Mgombea aliyepata asilimia hiyo kwenye mlolongo alihesabiwa amepita moja kwa moja, bila kupigiwa kura ya siri katika uchaguzi mkuu. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Eneo lina wanachama 10,000. Siku ya mlolongo wanajitokeza 3,000. Mmoja wa wagombea anahesabiwa watu 2,100. Hao ni asilimia 70 ya waliokuja, kwa hiyo tayari ni mbunge, ingawa aliosimama nao ni asilimia 21 ya wanachama wote. Wale 7,000 waliokuwa kazini, safarini, au walioogopa kuonekana, hawana nafasi ya pili. Na wasio na kadi ya KANU hawakuwa na hata nafasi ya kwanza.

Na woga ulikuwa mkubwa. Mfanyakazi wa serikali angesimamaje nyuma ya picha ya mtu anayeikosoa serikali, bosi wake akiwa mita chache kutoka hapo? Mpangaji angesimamaje nyuma ya mpinzani wa mwenye nyumba wake? Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga utaratibu huu tangu mwanzo. Wachungaji walisema hawawezi kujipanga nyuma ya mgombea mmoja hadharani halafu Jumapili wakawahubiria waumini waliokuwa kwenye mstari mwingine. Chama cha Mawakili nacho kilipinga. Ndani ya Bunge sauti zilikuwa chache sana, na Rubia alikuwa mojawapo. Mwaka huohuo wa 1986 alipinga pia mageuzi ya katiba yaliyomwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kinga ya kazi zao. Aliona mapema kwamba vitu hivi viwili vinakwenda pamoja: ukishamwondolea mwananchi siri ya kura, na afisa wa serikali usalama wa kazi, hakuna atakayebaki wa kusema hapana.

Mlolongo wa uteuzi ulifanywa Februari 1988, na uchaguzi mkuu ukafuata Machi 21. Karibu thuluthi moja ya viti 188 vilikuwa vimeshaamuliwa kabla ya siku hiyo. Rubia alikuwa nje.

Samuel Kivuitu, wakili, naye aliacha Bunge mwaka huohuo wa 1988. Alikuwa amewakilisha Parklands, kaskazini magharibi mwa jiji, kuanzia 1969 hadi 1974, kisha 1983 hadi 1988. Parklands ikageuzwa kuwa Westlands, na aliyekuja kuiwakilisha ni yuleyule Dkt. Mungai aliyeangushwa na kura ya siri Dagoretti miaka 14 kabla. Nitarudi kwa Kivuitu.

Rubia hakunyamaza. Mei 3, 1990, yeye na Kenneth Matiba, aliyejiuzulu uwaziri Desemba 1988 kwa kulalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama Murang'a, waliwaita waandishi wa habari na kudai vyama vingi virudi. Wakaomba kibali cha mkutano uwanjani Kamukunji Julai 7. Kibali kikakataliwa, na Julai 4 wote wawili wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Siku ya mkutano watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, polisi wakawakabili, na damu ikamwagika Nairobi na miji mingine. Ndiyo Saba Saba tunayoikumbuka kila mwaka. Rubia aliachiliwa Aprili 1991 afya yake ikiwa imeharibika.

Mara nyingi hadithi ya Saba Saba husimuliwa kana kwamba ilianzia kwa madai ya vyama vingi. Mimi nashikilia kwamba ilianzia kwenye hesabu ya mistari ya 1988. Watu waliokuwa wameridhika kuishi chini ya chama kimoja mradi wachague mbunge wao, walinyang'anywa hata hicho kidogo. KANU yenyewe ililielewa hilo: mkutano wake wa Kasarani wa Desemba 1990 uliuondoa mlolongo, mwaka mzima kabla ya kipengele cha 2A cha katiba kufutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurudi. Kura ya siri iliporejea Desemba 1992, Nairobi ilitoa jibu. Kati ya viti vinane vya jiji, KANU ilipata kimoja tu, Westlands.

Hata hivyo siri peke yake haitoshi. Kivuitu, yule mbunge wa zamani wa Parklands, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2007. Kura zilipigwa kwa siri, lakini zilipokuwa zikijumlishwa Nairobi hesabu ziliharibika, na siku chache baadaye mwenyekiti mwenyewe akasema hajui kama Rais Mwai Kibaki alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza mwaka 2008, ilisema kuwa rekodi zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda urais. Siri inamlinda mpiga kura. Anayeilinda kura ni karatasi, na watu wanaoisoma karatasi hiyo.

Starehe ilishuhudia hilo katika uchaguzi uleule. Margaret Wanjiru alitangazwa mshindi wa ubunge, Maina Kamanda akaenda mahakamani. Kesi ilichukua muda mrefu kupita kiasi, lakini kulikuwa na masanduku na karatasi za kukagua, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikabatilisha matokeo. Uchaguzi mdogo ukafanyika Septemba 20, 2010, na Wanjiru akashinda. Mwaka 2013 Kamanda akakirudia kiti, 2017 kikaenda kwa Charles Njagua, anayejulikana kwa muziki kama Jaguar, na 2022 kwa Amos Mwago. Uwapende au usiwapende wabunge hao, kila aliyeshindwa alikuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Rubia hakuwa napo.

Sheria yetu ya leo imejifunza kutokana na hayo. Katiba ya 2010 imeiweka kura ya siri katika Ibara ya 81. Ibara ya 105 inaitaka Mahakama Kuu iamue kesi ya kiti cha mbunge ndani ya miezi sita. Mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa eneobunge ni ya mwisho, yasibadilishwe mbali na yalikotoka. Panapovuja bado ni kwenye mchujo wa vyama. Huko bado tunaona orodha za wanachama zisizoaminika, vituo vinavyofunguliwa jioni, na vyeti vinavyotolewa ofisini kwa aliyependelewa. Katika maeneo ambayo chama kimoja kina nguvu, anayepata cheti amepata kiti, sawa kabisa na ilivyokuwa mwaka 1988, na ni aibu kwamba tunalizoea.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Jumanne, Agosti 10, 2027. Macho ya nchi yataelekezwa kwenye Fomu 34A, ile ya urais. Nawaomba wasomaji wa Starehe, Westlands, Dagoretti na kwingineko mtafute pia Fomu 35A, yenye matokeo ya ubunge ya kituo chenu. Msimamizi wa kituo anatakiwa kubandika nakala mlangoni baada ya kuhesabu. Isomeni, mjumlishe wenyewe, mpige picha, na mlinganishe na kitakachotangazwa kwenye Fomu 35B ya eneobunge lote. Na chama chenu kikiitisha mchujo kabla ya hapo, kidaini hivyo hivyo.