Maji Matupu Hayafugi Samaki

Maji yanayotoka kwenye mashine ya RO, kama yalivyo, hayafai kumwekea samaki. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za mashine hizi wanaamini kinyume chake, kwamba maji yakishakuwa safi kabisa samaki atastarehe. Mtu ana tangi la lita 100 sebuleni, samaki wake wa mapambo wanakufa mmoja mmoja, muuza duka anamwambia kisa ni maji ya bomba na dawa yake ni mashine ya kufunga chini ya sinki. Huenda muuzaji amesema kweli. Mara nyingi hajasema kweli, na mwenye samaki atatoa pesa nyingi kutibu ugonjwa ambao hana.

Kuielewa mashine hii tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1748 Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, alijaza kileo kwenye chombo, akakifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimevimba. Maji yalikuwa yamepenya kuingia ndani, lakini kileo hakikutoka nje kwa kasi hiyohiyo. Hiyo ndiyo osmosisi: ukiweka utando kati ya maji yenye vitu vingi vilivyoyeyuka na maji yenye vichache, maji huhamia upande wenye vingi. Ukitaka yarudi nyuma, yaache chumvi na yapite yenyewe, huna budi kuyasukuma kwa presha inayozidi ule mvuto; hiyo ndiyo RO, yaani osmosisi ya kinyume. Wazo ni rahisi, ila utando wa kuifanya kazi hiyo kwa kasi inayofaa ulichelewa sana. Ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipoutengeneza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kufikia 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, uliokuwa na maji ya chumvi, ulikuwa unakunywa maji yaliyopita kwenye utando wa aina hiyo.

Sasa mtazame samaki. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea, na ngozi laini ya matamvua yake ni utando. Kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku bila yeye kunywa, na madini humtoka. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi bila kupumzika, na matamvua hufanya kazi ya kuokota sodiamu, kalsiamu na kloridi kutoka majini ili kufidia kinachopotea. Ukimweka kwenye maji yasiyo na chochote, umemwongezea kazi na kumnyima cha kuokota. Atavumilia kwa muda, kisha atapoteza hamu ya chakula na rangi itafifia.

Basi swali la kwanza halihusu mashine kabisa. Linahusu samaki huyo ametoka maji gani.

Njia nyepesi ya kulinganisha maji ni uwezo wake wa kupitisha umeme, unaopimwa kwa mikrosimensi. Kadiri madini yanavyokuwa mengi ndivyo namba inavyopanda. Rio Negro, tawi jeusi la Amazoni anakotoka kardinali tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu na nyekundu, huwa na takriban 10. Ziwa Victoria lina kama 100. Ziwa Nyasa lipo kwenye 250 hivi, na Ziwa Tanganyika linapita 600, tena pH yake ni karibu 9. Samaki hawa wote huuzwa kwenye duka moja, kwenye vioo vilivyopangana, na wateja hupewa ushauri uleule kwa wote.

Anayefuga Tropheus wa Kigoma au mbuna wa Nyasa hana haja ya RO kwa maji ya kubadilishia. Maji magumu, yale yanayokatalia sabuni kutoa povu, ndiyo kwao. Gapi nao na ndugu zao wanaozaa watoto hai hupendelea maji ya namna hiyo. Ukiwapitishia maji yao kwenye RO, itakubidi ununue madini kurudisha yaleyale uliyoyatoa. Anayefuga diskasi, hasa akitaka watage na mayai yaanguliwe, au kardinali tetra, au baadhi ya uduvi wadogo wa mapambo, huyo ana sababu. Mwenye tangi la matumbawe naye anayo, hata kama anaishi Mombasa na anachota maji ya bahari mwenyewe, kwa kuwa maji yanayopotea kwa mvuke lazima afidie kwa maji yasiyo na fosfeti, silika wala shaba.

Hoja hiyo ya mvuke inawahusu hata wale niliowaambia hawahitaji mashine. Kwenye joto la Dar es Salaam tangi lisilofunikwa hupungua kila siku, na kinachopaa ni maji tu; madini yanabaki. Ukijaziliza kila siku kwa maji ya kisima, ndani ya miezi michache tangi lina maji tofauti kabisa na yale ya siku ya kwanza, ingawa kwa macho hayajabadilika. Dawa yake ni kifuniko, na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki badala ya kujaziliza tu. Ndoo moja ya maji ya RO kwa ajili ya kufidia mvuke inasaidia pia, lakini kifuniko ni rahisi zaidi.

Na klorini je? Hiyo ndiyo hofu kubwa ya watu wa mjini, na haihitaji RO hata kidogo. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi kwa siku moja huku pampu ya hewa ikibubujika, au huuawa mara moja kwa matone ya thiosalfeti yanayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Kabla ya kununua chochote, pima maji yako. Vichupa vya kupimia vimeandikwa GH na KH. GH ni ugumu wa jumla, yaani kalsiamu na magnesiamu; KH ni akiba ya bikaboneti inayozuia pH isiyumbe. Digrii 1 ya chochote kati ya hivyo ni kama miligramu 18 kwa lita. Maji ya bomba ya Nairobi, yanayotoka kwa sehemu kubwa bwawa la Ndakaini kwenye mitelemko ya Aberdare, ni laini kwa asili, na mfugaji wa diskasi huko anaweza kugundua kwamba alichokuwa anataka kununua tayari kinatoka bombani. Dar es Salaam maji ya Mto Ruvu ni habari moja, na kisima kirefu cha mtaani ni habari nyingine. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvichumvi, na hapo kuna mtego: kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwa miligramu kwa lita, kinaweza kusoma 1,200 wakati GH ni digrii 8 tu, ambazo ni kama miligramu 140. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni chumvi ya kawaida, ambayo vichupa vya GH havioni. Maji hayo hayawafai samaki wa Amazoni, na hayawafai wa Tanganyika pia, kwa sababu ugumu wa maji yao unatokana na madini mengine. Hapo hata mimi nasema mashine inahitajika.

Mashine yenyewe ni vikopo vitatu au vinne vilivyofuatana. Cha kwanza hukamata mashapo. Kichujio kipya ni cheupe. Masika, Ruvu ikichafuka, kifungue baada ya wiki chache utakuta kimekuwa rangi ya udongo hadi katikati. Cha pili ni kaboni, na kazi yake hasa ni kuulinda utando, maana utando wa siku hizi ni wa poliamidi na klorini huila. Kaboni ikichoka hakuna dalili ya nje. Utando unaharibika kimyakimya na chumvi huanza kupita. Kisha ndipo unapokuja utando wenyewe, umeviringishwa kama mkeka ndani ya bomba la plastiki, wenye njia mbili za kutokea: moja ya maji safi, nyingine ya maji yaliyobeba kila kilichokataliwa.

Kinachowashinda wengi hapa kwetu ni presha, na wauzaji hawaitaji. Mtambo wa nyumbani ulioandikwa galoni 75 kwa siku, yaani kama lita 280, umepimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25 yenye presha ya baa 3.5 hadi 4 hivi. Simtanki iliyopandishwa mita 5 inatoa nusu baa. Na ile osmosisi ya Nollet haijalala: maji ya kisima yenye TDS ya 2,000 yanadai baa 1 na nusu ili tu kusawazisha mvuto, kabla tone moja halijapita. Kwa mnara wa simtanki peke yake utapata maji machache sana yasiyo safi vya kutosha, au hutapata kitu. Pampu ya presha si ya hiari, na umeme ukikatika kazi imesimama. Uliza bei ya mtambo pamoja na pampu.

Uliza pia maji unayapata vipi. Mtambo wa kawaida hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita 1 safi. Anayenunua maji ya boza analipia ndoo nne au tano apate moja. Kwa tangi la lita 60 ningekushauri uende kwenye kituo cha kujaza maji ya kunywa mtaani. Vingi vinatumia RO kubwa. Nenda na kipima TDS mfukoni, ni kidogo kama kalamu na bei yake ni nafuu. Kikisoma chini ya 20, chukua. Kikisoma 60 au 80, ama wamerudisha madini kwa ajili ya ladha ama utando wao umechoka, na huna njia ya kujua ni lipi.

Ukishapata maji matupu, rudisha kinachotakiwa. Kama maji yako ya bomba ni magumu lakini hayana chumvi, njia bora ni kuchanganya: maji ya KH 16, ndoo moja kwa ndoo tatu za RO, yanakupa KH 4, na hujanunua unga wowote. Kama chanzo ni kisima cha chumvi usichanganye. Anza na RO tupu. Kwa lita 100, gramu 3 za baking soda hupandisha KH kwa digrii 1. Chumvi ya Epsom ya dukani, ambayo ni magnesiamu salfeti, gramu 4.4 hupandisha GH kwa digrii 1, na kalsiamu salfeti gramu 3 hufanya vivyo hivyo. Tumia kalsiamu zaidi kuliko magnesiamu, mara tatu hivi kwa kipimo cha digrii. Nunua mizani ndogo ya gramu, kijiko hudanganya.

Kinachoua samaki wengi wa watu wenye RO ni KH kuachwa sifuri. Bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa naitreti hula akiba hiyo: kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hutumia kama miligramu 7 za KH. Akiba ikiisha pH huporomoka, ikafika 6 au chini yake, bakteria wakalegea, na amonia ikaanza kulundikana. Ajabu ni kwamba samaki hawafi. Kwenye pH ya 6 karibu yote ipo katika hali ya amoniamu isiyo na ukali mkubwa, na ile sumu hasa haifiki hata asilimia 0.1. Mwenye tangi anaona samaki wamezubaa, anaingiwa na huruma, anabadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba. pH inaruka hadi karibu na 8, ambako asilimia 5 ya amonia yote ni sumu. Asubuhi tangi zima limekufa, na lawama zinaenda kwa maji ya bomba. Anarudi dukani kuulizia kichujio cha ziada. Tangi lililoporomoka hivyo hurudishwa taratibu, kwa ndoo chache kila siku, huku amonia ikipimwa.

Kuhamisha samaki kutoka maji magumu kwenda laini nako ni kwa wiki, si kwa mchana mmoja. Figo na matamvua vinahitaji muda kubadili mwendo.

Kuhusu matunzo sina mengi. Pima TDS inayoingia na inayotoka: 200 ikiingia na 6 ikatoka, utando unazuia asilimia 97 na ni mzima, ikianza kutoka 20 au zaidi, asilimia 90 imefika, ubadilishe. Mashine iliyolala tangu jana itatoa maji mabaya kwa dakika chache za mwanzo, kwa kuwa chumvi hujipenyeza taratibu wakati hakuna presha. Yamwage hayo kabla hujapima, la sivyo utaukataa utando mzuri.

Maji yanayotupwa usiyaache yaende kwenye mtaro kabla hujayapima. Maji ya bomba yenye TDS ya 150 yakitoka kwenye mkondo wa taka huwa kama 200 tu. Mchicha hautatambua tofauti. Ya kisima yenye 2,000 hupanda kupita 2,600, na hayo yapeleke kwenye deki na chooni, mbali na bustani.