Viza Haitakiwi, Lakini Usivuke Mikono Mitupu

Ngoja nikupe aibu yangu ili wewe isikukute.

Jumamosi moja mimi na mchumba wangu tulitoka Kayanga alfajiri mpaka Murongo, wilayani Kyerwa. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati, Uganda, na safari yetu ilikuwa ya Mbarara, kwa shangazi aliyemlea mwenzangu. Siku ya kutambulishwa! Nywele nimesuka, kahawa ya zawadi nimefunga, kitambulisho cha taifa kiko mkononi.

"Dada, pasi yako iko wapi?" afisa akaniuliza kwa upole.

Mwenzangu alikuwa nayo, mimi sina. Shangazi ameshamenya ndizi, sisi tunageuza gari. Mpaka Omurushaka hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kosa lilikuwa langu. Nilisikia "Afrika Mashariki haina viza" nikadhani basi, yameisha. Kweli, Mtanzania haombi viza kwenda Uganda, Rwanda, Burundi wala Kenya, na chini ya Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010 mgeni anaweza kupewa hadi miezi sita. Lakini kuvuka kwa kitambulisho walikubaliana Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014. Sisi hatukuwemo.

Kwa hiyo, kabla hamjapanga fungate au wikiendi ya wawili:

Pasi kwanza. Kama muda umebana, ulizia hati ya dharura ya safari ofisi ya Uhamiaji.

Majina yalingane. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile? Rekebisha mapema. Huku mpakani, ambako Operesheni Kimbunga ya 2013 bado inakumbukwa, vyeti vya wazazi navyo vitunze kama dhahabu.

Chanjo ya homa ya manjano. Choma angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake siku hizi ni cha maisha.

Mnapitia Rusumo kwenda Rwanda? Dereva akumbuke kule wanaendesha kulia.

Mnaota Paris? Hapo viza inatakiwa, tena ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima isipungue euro 30,000, na pasi ibaki hai miezi mitatu baada ya kuondoka kwao. Ukikubaliwa, ukomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi ni Dar es Salaam, kwa hiyo wekeni na nauli ya huko kwenye bajeti.

Na la mwisho, ambalo ofisi yoyote haitakuambia: usiku wa kuamkia safari, kila mmoja amwonyeshe mwenzake makaratasi yake. Si kutoaminiana, ni kutunzana. Laiti tungefanya hivyo!

Nilipopata pasi tulirudi Murongo, safari hii tukavuka. Shangazi alinikumbatia mlangoni, akacheka: "Mwanangu, leo umekuja na makaratasi?"

Nikamwonyesha yote, mpaka la chanjo.