Sauti ya Mikwaruzo Nayo ni Sauti

Katika nyumba nyingi yupo mtoto mmoja ambaye akiimba, wenzake hucheka. Sauti yake ni nzito kuliko umri wake, au ina mikwaruzo. Akiimba na wengine anawahi hapa na kuchelewa pale. Kwenye mazoezi ya kwaya anaambiwa asogee nyuma, pengine achezeshe midomo tu. Akirudi nyumbani hataki kuimba tena, nasi wazazi tunasema, "Basi, hana kipaji." Mama mwenzangu, kabla hujasema hivyo, soma haya.

Bi Kidude wa Unguja

Fatuma binti Baraka, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa Unguja katika kijiji cha Mfagimaringo. Tangu utoto alisikiliza nyimbo za Siti binti Saad, yule mama wa Fumba aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, akazishika kwa masikio tu.

Sauti ya Bi Kidude haikuwa nyororo. Ilikuwa nene na kavu, na uzeeni ilizidi kukwaruza. Wala hakuimba kwa kufuata mapigo kama saa ya ukutani. Wapigaji wa taarab waliendelea na mwendo wao, naye akalivuta neno moja na kulitupa jingine haraka, kisha wakakutana mwisho wa ubeti. Anayemsikia mara ya kwanza hudhani amepotea. Anayesikiliza vizuri hugundua kwamba anayafuata maneno na uzito wake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, inayoheshimiwa sana katika muziki wa mataifa. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Jambo moja tu tusimwige, nalo ni sigara!

Hata katika nyimbo za Injili wapo wa namna hiyo. Mahalia Jackson wa Marekani alipokuwa kijana, mwalimu mmoja wa sauti alimkemea kwamba anapayuka. Baadaye aliimba kwa mwendo wake mwenyewe, na mpiga piano wake, Mildred Falls, akajifunza kumfuata.

Hapa kwetu chini ya Meru

Waarusha na Wamasai huimba kwa kiongozi kuanzisha na wengine kuitikia, huku wanaume wakinguruma kooni. Hawahitaji ngoma, mwendo hushikwa na pumzi na miili yao. Makanisani tulipokea pia nyimbo za Ulaya zilizoandikwa kwa nota, zenye mapigo yaliyopimwa. Huko Makumira, mwalimu Howard Olson alikusanya tuni za Kiafrika ziimbwe ibadani, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi hapo, aliandika "Mfurahini, Haleluya," wimbo ambao leo huimbwa mbali sana na Usa River.

Basi mtoto aliyelelewa na bibi yake kule Olmotonyi, akija kwaya na mwendo wa bibi, si kwamba hajui muziki. Amefundishwa muziki mwingine.

Ni sauti yake au ni ugonjwa?

Hapa nazungumza kama muuguzi. Mtoto anayepiga kelele sana huweza kuota vinundu kwenye nyuzi za sauti, na sauti ikakwama. Dawa yake kubwa ni kupunguza kelele, kunywa maji ya kutosha, na kukaa mbali na moshi wa kuni. Yai bichi halisaidii. Chakula hupita njia yake na hewa njia yake, hivyo yai halifiki kwenye nyuzi za sauti, na linaweza kumletea mtoto kuhara.

Sauti ikibadilika na kukaa hivyo zaidi ya wiki 3, mpeleke kwa daktari. Vivyo hivyo mtoto ambaye sauti yake imekwaruza tangu uchanga na hajawahi kupimwa. Akipumua kwa shida, au akitoa mlio anapovuta hewa, usingoje kesho.

Mtazame pia masikio. Yupo mtoto anayecheza na mapigo lakini kwenye kiitikio anakutana na wenzake. Huyo anasikia vizuri. Ila yule asiyekutana nao kabisa, anayeongeza sauti ya redio, au anayetoka usaha masikioni, apimwe usikivu. Huenda anaitwa mkaidi kumbe hasikii.

Tufanye nini?

Kwanza, nyumbani tusimcheke wala tusiruhusu ndugu zake wamcheke. Pili, zungumza na mwalimu wa kwaya kwa upole. Mwombe ampe mtoto nafasi ya kuanzisha wimbo, wengine waitikie. Hapo sauti nzito ina mahali pake, na kuvuta neno si kosa. Tatu, afundishwe pia kwenda na wenzake, maana kwaya ni ya watu wengi. Apige makofi akitembea, kisha aimbe akitembea. Miguu itamfundisha mapigo. Akishayajua, atachagua mwenyewe lini ayafuate na lini ayaache.

Mtunga Zaburi alipowaita watu wote wamsifu Mungu, hakuweka sharti la sauti nyororo. Leo jioni mkiwa mezani, mwombe mtoto huyo aanzishe wimbo, nanyi mumwitikie.