Ufaransa Niliyoiona: Milima ya Jura

Ufaransa ya bara Ulaya ina kilomita za mraba 551,000 hivi, kwa hiyo ni ndogo kidogo kuliko Kenya. Watu wake, ukiwajumlisha na wale wa maeneo yake ya ng'ambo, wanafika milioni 68. Nchi imegawanywa katika mikoa midogo 101, na chini yake kuna miji na vijiji karibu 35,000, kila kimoja na meya wake, hata kile chenye wakazi mia moja. Mto mrefu kuliko yote ni Loire, na mlima mrefu ni Mont Blanc. Yaliyobaki mwalimu wa jiografia atakumalizia.

Mimi niliishi Jura, milima ya mashariki inayopakana na Uswisi, katika kijiji kilicho juu ya mji wa Poligny, nikilea watoto wa familia moja. Mtu wa kwetu Bomet akifika huko kiangazi atadhani hajatoka kwao: vilima vya kijani, ukungu wa asubuhi, ng'ombe kila upande. Baridi ndiyo itakayomzindua. Kijiji kimoja cha huko, Mouthe, kimewahi kufika nyuzi 36 chini ya sifuri.

Desturi ni hizi. Ukiingia dukani bila kumsalimu mwenye duka, umemkosea adabu. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane maduka hufungwa ili watu wapate kula. Mabasi ni haba, na asiye na gari hana pa kwenda. Hapo niliitamani matatu ya Litein pamoja na kelele zake. Makanisa ni mazuri, ila Jumapili viti vingi havina mtu. Siasa sitaziandika, maana kila mzee kijijini alikuwa na zake.

Nataka kuandika juu ya jibini.

Linaitwa Comté. Gurudumu moja, lenye upana kama wa gurudumu la bodaboda, lina uzito wa kilo 40 hivi na limekula lita 400 za maziwa. Maziwa hayo hayachemshwi kwanza kuua vijidudu, ingawa Louis Pasteur, aliyebuni njia hiyo, alizaliwa Dole na kukulia Arbois, karibu kabisa na Poligny. Hutoka hasa kwa ng'ombe wa huko waitwao Montbéliarde, wekundu wenye mabaka meupe, ambao mkulima wa Sotik angewadhania Ayrshire. Kila ng'ombe lazima awe na hekta moja ya nyasi au zaidi. Sileji ni marufuku. Kiangazi anakula majani mabichi, baridi ikija anakula nyasi kavu. Hata roboti za kukamulia zimekatazwa.

Sheria hizo wamezidai wakulima wenyewe, na serikali ikalitia muhuri jina la Comté mwaka 1958. Wakulima wa vijiji vya jirani wanamiliki kwa ushirika kiwanda kidogo kiitwacho fruitière, na mashamba yote yanayokipelekea maziwa lazima yawe ndani ya duara lenye kipenyo cha kilomita 25. Viwanda vya namna hiyo ni zaidi ya 100. Ushirika huu una karne nyingi, na chanzo chake ni hesabu rahisi: mwenye ng'ombe wawili hawezi kupata lita 400 peke yake.

Jibini likishatengenezwa hulazwa juu ya mbao za msonobari, likageuzwa na kusuguliwa kwa maji ya chumvi, kwa muda usiopungua miezi minne, mara nyingi mwaka na zaidi. Nilitembelea ghala moja, ngome ya kijeshi ya Saint-Antoine, iliyojengwa baada ya Wafaransa kushindwa na Wajerumani, na tangu 1966 ikawa makao ya jibini. Humo mna magurudumu kama 100,000, safu juu ya safu hadi darini. Mzee wa ghala hutembea na kijinyundo, anagonga, anasikiliza, kisha anachomoa kipande kidogo na kukinusa. Kila gurudumu hupewa maksi juu ya 20. Likikosa 12 haliuzwi kwa jina la Comté. Nilimfuata mzee yule mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi na wenzangu wakaniita niondoke.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni kibandiko cha kijani ubavuni mwa kila gurudumu, chenye tarehe na namba ya kiwanda. Mlaji akiuliza limetoka kwa nani, kuna jibu.

Sasa tazama majani yetu ya chai, huku Kericho na Bomet. Mama anachuma majani mawili na kichipukizi, anayabeba hadi kituoni, karani anapima, lori linapeleka kiwandani. Gunia likifika mnada wa Mombasa bado lina jina la kiwanda, na waonjaji wanalionja kwa ustadi usiopungua wa yule mzee. Halafu linanunuliwa, mara nyingi linakwenda Pakistan, Misri au Uingereza, linachanganywa na mengine, na jina la kiwanda, tuseme Mogogosiek, linaishia hapo. Nasi husubiri bonasi na kulalamika kwamba wenzetu wa upande wa Mlima Kenya wamelipwa zaidi. Mashine za kuchuma zilipoingia kwenye mashamba makubwa ya Kericho wachumaji wengi walizipinga, na Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto. Jura walikaa kikao, wakaandika kanuni.

Na mursik, maziwa yetu ya kibuyu? Kila nyumba inajua mti wa kuchoma mkaa na namna ya kuosha kibuyu, na wanariadha wetu wakirudi na medali hunyweshwa mursik kwenye uwanja wa ndege mbele ya kamera. Hatujakaa kuandika maziwa yawe ya namna gani, mkaa uwe wa mti upi na kibuyu kikae siku ngapi. Tunapenda kusifiwa kuliko kuandikiana masharti.

Mwenye hisa katika kiwanda cha Litein, Kapkatet au Mogogosiek, mkutano mkuu ukiitishwa usiulize bonasi peke yake. Waulize wakurugenzi mnaowachagua kwa kura: ni kilo ngapi za chai yetu zimemfikia mnywaji zikiwa na jina letu?