Kwa nini Buddha aliinuka chini ya mti?

Sisi tukisikia "kuzaliwa mara ya pili" tunafurahi. Kwa Mbuddha, kuzaliwa tena ni mzigo: kuzaliwa, kuugua, kuzeeka, kufa, kisha kuanza upya. Kinachomrudisha mtu, wanasema, ni tamaa na kutojua. Tamaa ikizimika kama taa iliyoishiwa mafuta, mzunguko unakatika. Hiyo ndiyo nirvana, wala si mahali pa kwenda kama mbinguni.

Siddhartha Gautama aliacha nyumba, mke na mtoto akiitafuta njia hiyo. Alijinyima chakula hadi akabaki mifupa, asipate jibu. Mwishowe, chini ya mti huko Bodh Gaya, India, akaelewa. Ndipo akaitwa Buddha, maana yake aliyeamka.

Mapokeo yao yanasema kwamba alitaka kunyamaza. Nani angeelewa? Yeye alikuwa amekwisha kufunguliwa, hakuwa na deni kwa mtu. Lakini alipowatazama watu katika mateso yao, akawahurumia. Akatembea hadi Sarnath, karibu na Varanasi, akawafundisha wenzake watano, wale wale waliomwacha alipoanza kula tena. Akaendelea kufundisha miaka 45 hivi, akafa Kushinagar akiwa na miaka 80.

Wabuddha wa tawi la Mahayana, kama vile Japani na Korea, walilishika sana jambo hilo la huruma. Kwao bodhisatva huapa kuzaliwa tena na tena ili awasaidie wengine kutoka. Mzigo ule ule ambao wengine wanaukimbia, yeye anaubeba kwa hiari.